Ile Betri ya Zamani Iliuawa na Nini?

Betri ya sola ikifa, mwenyewe huingia dukani na swali moja: ya ampea mia mbili ni pesa ngapi? Bei hupatanwa, betri hupakiwa kwenye boda, na haipiti miaka miwili kabla mtu yule yule hajarudi pale kaunta. Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: ile ya zamani iliuawa na nini? Betri chache hufa kwa uzee. Nyingi huuawa, na muuaji asipojulikana, mpya nayo itamfuata mwenzake, hata ingekuwa ya bei gani.

Chukua Gatongora, wadi ya Ruiru. Stima ipo, lakini baada ya karibu Kenya nzima kuzimika mara tatu mwaka 2023, Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10, huhitaji kumweleza mtu kwa nini jirani ana paneli mbili juu ya mabati na inveta sebuleni. Anayepiga kambi Ol Donyo Sabuk akiwa na friji ndani ya gari ana hesabu hiyo hiyo: kinachoingia mchana lazima kizidi kinachotoka usiku. Na hapo ndipo pande za Thika na Ruiru zina shida yao. Kati ya Juni na Agosti wingu linaweza kufunika anga tangu asubuhi hadi jioni, na paneli ikatoa sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, ikilala nusu tupu wiki baada ya wiki, sahani zake huota chembe za salfeti, na chembe hizo zikishakomaa haziyeyuki tena. Septemba jua likirudi, betri inajaa kwa saa moja na kuisha kwa saa moja. Mwenyewe husema aliuziwa feki. Huenda ni kweli, ila mara nyingi ilikufa njaa.

Muuaji wa pili anaishi ndani ya nyumba. Taa nne za wati 7 kwa saa tano ni wati-saa 140. Televisheni ya wati 50 kwa saa nne ni 200. Ruta ya wati 10 usiku na mchana ni 240, na simu tuziwekee 40. Jumla ni 620, yaani zaidi kidogo ya nusu yuniti kwa hesabu ya tokeni. Lakini inveta yenyewe, ikiwa imewashwa tu bila kazi, inaweza kula wati 15, na kwa saa 24 hizo ni 360. Mzigo sasa unakaribia yuniti nzima, na zaidi ya theluthi yake haikuwasha hata taa moja. Anayeunganisha taa na ruta za volti 12 bila kupitia inveta, kwa kidhibiti kidogo cha volti, kisha akaizima inveta akienda kulala, ameongeza betri bila kununua betri.

Hesabu hiyo ikishafanywa ndipo namba za kwenye betri zinapokuwa na maana. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 imebeba wati-saa 2,400, lakini ukitaka idumu usiteremke chini ya nusu, kwa hiyo unayo 1,200 tu ya kutumia. Lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, yenye volti 12.8 na ampea-saa 100, imebeba 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, yaani zaidi kidogo ya 1,000. Ile "mia" imekaribia kulingana na "mia mbili". Kisha angalia maisha. Betri nzuri ya risasi ikitumiwa hadi nusu kila usiku huhimili mizunguko mia kadhaa, pengine ikakaribia elfu; lithiamu hiyo hupita elfu mbili. Gawanya bei unayotajiwa kwa yuniti utakazochota maisha yote ya betri, na kwa mtu anayeitumia kila usiku lithiamu inaweza kuuzwa mara mbili ya bei ya risasi na bado ikawa rahisi. Isitoshe, kulala nusu tupu mwezi wa Julai hakuiumizi.

Mtu atasema yuniti za miaka minane ijayo hazilipi karo ya Januari. Ni kweli, na kuna mtu ambaye hafai kununua lithiamu hata akiwa na pesa. Kama betri yako huchajiwa na stima ya Kenya Power na kuamshwa mara mbili tatu kwa mwezi taa zikipotea, mizunguko yote hiyo ya lithiamu hutaimaliza kamwe. Betri ya risasi inayokaa imejaa ndiyo yako. Ipime tu kwenye mizani ya muuza vyuma kuukuu kabla ya kulipa: ya ampea-saa 100 huwa karibu kilo 30, na ikisoma 18 basi namba iliyoandikwa ni ya uongo. Lithiamu huwa nyepesi, kilo 12 hivi, kwa hiyo hapo mizani haikusaidii. Mwambie muuzaji aimalize chaji mbele yako kwa mzigo unaojulikana na uhesabu saa.

Ushauri ninaoupinga kabisa ni ule wa kuongeza betri moja mpya kando ya tatu zilizochoka. Zile kuukuu huivuta mpya chini, na miezi michache baadaye una nne zilizochoka. Ubishi kwamba lithiamu hushika moto nao una ukweli nusu: lithiamu ya fosfeti ni tulivu kuliko seli kuukuu za kompyuta zinazounganishwa na kuuzwa kama betri za sola. Kinachoiharibu hiyo ya fosfeti ni kuiacha chaja kwenye mpangilio wa betri ya maji, ambao kila baada ya muda hupandisha volti kusawazisha seli. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, anajua kuuzima. Kwenye gari la kambi, usiichaji moja kwa moja kutoka kwa altaneta, kwani itavuta mkondo hadi altaneta iungue. Weka chaja ya katikati.

Unabaki ubishi mmoja mzito: betri ya risasi ikifa ina mnunuzi, lithiamu haina. Lakini thamani ile ina upande mwingine. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifunguliwa 2007 na kufungwa 2014 baada ya wakazi kupata sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo ile pesa inayolipwa kwa kilo getini si faida tupu, na ni bora betri ipelekwe kwa mtengenezaji anayezipokea kuliko kwa yule anayemwaga asidi mtaroni. Lithiamu nayo haijapata soko kama hilo, ingawa sheria ya taka ya 2022 inampa mwingizaji bidhaa jukumu la kile anachokileta nchini. Mwulize muuzaji kama ataipokea ikichoka, na jibu aliandike kwenye risiti, chini ya mstari wa waranti.