Kunyamaza kwa Mtoto

Mwalimu aulizapo swali, na mtoto asipojibu, mara nyingi hudhaniwa ya kuwa mtoto hajui, au ni mkaidi. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, kwa maana lugha yenyewe yatufundisha ya kuwa kunyamaza hakuna namna moja.

Aliyenuna amefunga kinywa kwa hasira. Aliyeduwaa amepotewa na maneno kwa hofu au mshangao. Mwenye haya aweza kuwa na jibu, lakini macho ya watu yamzuia. Awazaye hunyamaza kwa sababu kazi ingali ikiendelea ndani. Tena kunyamaza si sawa na kunyamazishwa: la kwanza ni tendo la mtu mwenyewe, la pili hutendwa na mwingine.

Desturi nayo ina sehemu yake. Katika nyumba nyingi mtoto hufunzwa kumwamkia mkubwa, kisha kungoja aulizwe. Kudakiza maneno ya wazee ni kukosa adabu. Mtoto huyo huja darasani na adabu ya kwao. Yeye adhani amemheshimu mwalimu, na mwalimu adhani amedharauliwa.

Waswahili husema pia "kusema kimoyomoyo", na jambo hilo wataalamu wamelichunguza. Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1923, alieleza habari za watoto wadogo wanaojisemea wachezapo, akaona ya kuwa usemi huo hufifia mtoto azoeapo kuzungumza na wenzake. Lev Vygotsky wa Urusi, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1934, hakukubali: alisema usemi ule haufi, bali huingia ndani na kuwa chombo cha kufikiri. Ikiwa ndivyo, kimya cha mtoto chaweza kuwa kimejaa maneno.

Mwaka 1974 Mary Budd Rowe wa Marekani alitoa habari za uchunguzi wake wa madarasani. Walimu, baada ya kuuliza, walingoja kadiri ya sekunde 1 tu. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, kushindwa kujibu kulipungua, na watoto waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kusema.

Basi yampasa mwalimu aulize, kisha ahesabu moyoni kabla ya kumwita mwingine. Mwenye haya na amwambie jirani yake kwanza, ndipo aseme mbele ya wote. Aliyeduwaa aondolewe hofu. Fimbo haimrudishii maneno, bali humzidishia bumbuazi.

Lakini tusidhani kila kimya ni fikira. Mtoto aliyekuwa msemaji, akanyamaa ghafula, aulizwe kwa upole na faraghani: labda masikio yamemwuma, labda amefiwa, labda ameonewa na mtu amwogopaye. Wahenga walinena, "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Mwalimu asiyejua kungoja hatausikia mshindo huo, ila baada ya madhara kutokea.