Usaili wa Kazi za Hospitali: Wanauliza Uliyoyatenda

Tangu mwaka 2023 serikali ya Rwanda ina mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika muda wa miaka minne. Hapa Masoro, katika Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, wenzetu wa viwandani wana watoto wanaosomea uuguzi, na wengine wao wenyewe wanaomba kazi za usafi, za jikoni au za kuwasukuma wagonjwa hospitalini. Wanatuuliza: "Mimi ni mtu wa cherehani. Nikiulizwa habari za huruma na utu, nijibu nini?"

Usaili huu ni wa maadili. Cheti wameshakiona; sasa wanatafuta tabia. Katika Uingereza ulipata nguvu baada ya aibu ya hospitali ya Stafford, ambako kati ya mwaka 2005 na 2009 wagonjwa waliachwa bila maji wala usafi. Taarifa ya uchunguzi, iliyotolewa Februari 2013, ilitaka wauguzi wachaguliwe pia kwa moyo wao wa kujali. Lakini taarifa hiyohiyo ilionyesha kwamba wakubwa walipunguza wafanyakazi ili kubana fedha. Sisi wa chama hatulisahau hilo. Mtu mwenye huruma akipewa wodi nzima peke yake, huruma hiyo haitafika kila kitanda.

Rwanda ina njia yake pia. Tangu mwaka 1995 washauri wa afya wa vijiji huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, ambao wanajua nani ni msema kweli na nani hutunza siri. Msaili wa hospitali hakujui hivyo. Itakubidi umweleze.

Basi usimwambie, "Mimi nina huruma, nawapenda watu wote." Kila mtu husema hivyo. Mweleze jambo moja lililotokea kweli: uliona nini, ulifanya nini, mwisho ulikuwaje. Kwa mfano: "Mwenzangu alichomwa kidole na sindano ya cherehani. Nilizima mashine, nikambana jeraha kwa kitambaa safi, nikampeleka kwa mtu wa huduma ya kwanza kwa sababu mimi sikusomea. Kisha nikamwambia msimamizi kwamba kinga ya sindano ilikuwa imeondolewa." Humo mna huruma, mna kujua mpaka wa kazi yako, na mna ujasiri wa kusema kweli. Neno "maadili" halikutajwa hata mara moja.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, sema "nilifanya". Sisi wa chama tumezoea "tulifanya", na mkutanoni ni vizuri, lakini msaili anamwajiri mtu mmoja. Pili, usimtaje mwenzako kwa jina. Anayetoa siri ya jeraha la rafiki yake atatoa na ya mgonjwa, na wasaili hulisikiliza sana hilo. Tena usitunge kisa. Watakuuliza, "Halafu?" mara tatu, na kisa cha kutunga hakifiki "halafu" ya pili.

Swali linalowatatiza wengi ni hili: utafanya nini ukimwona mwenzako akimtukana au kumsukuma mgonjwa? Wengine hunyamaza wakidhani mshikamano maana yake ni kufichana. Sivyo. Chama humtetea mfanyakazi asionewe. Hakimpi mtu ruhusa ya kumwonea aliye kitandani. Jibu kwamba kwanza utamweka mgonjwa salama, utamwambia mwenzako aache, kisha utamwarifu mkuu wa zamu siku hiyohiyo. Pale Stafford muuguzi Helene Donnelly alisema, na baadhi ya wenzake wakamtisha. Leo jina lake linatajwa kwa heshima.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Usiseme huna. Uliza zamu moja ina wahudumu wangapi kwa wagonjwa wangapi, kama glavu zinatosha, kama utachanjwa homa ya ini ya aina ya B, na saa za ziada zinalipwaje. Ukiambiwa kazi hii ni ya wito, kubali, kisha uliza tena habari za saa za ziada. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 hairuhusu mkataba wa mdomo kuzidi siku 90. Ukipewa karatasi, mletee mjumbe wa chama muisome pamoja kabla hujatia sahihi.