Mishipa ya Jicho na Ugonjwa wa Kisukari

Mkulima hahitaji kung'oa mmea wa mahindi ili ajue kwamba unakosa chakula. Akiona majani ya chini yamegeuka manjano, na umanjano huo umeanzia nchani ukifuata mshipa wa katikati, hujua ya kwamba udongo umepungukiwa na naitrojeni. Mwili wa binadamu nao una jani lake, nalo limo nyuma ya jicho.

Msomaji, mtazame mwenzako machoni. Katikati ya jicho utaona duara dogo jeusi, yaani mboni. Duara hilo ni tundu, mfano wa dirisha, nalo laonekana jeusi kwa sababu ndani mna giza. Mwaka 1851 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, alitangaza chombo kinachopeleka mwanga ndani ya dirisha hilo na kumwezesha daktari kuutazama ukuta wa nyuma. Ukuta huo huitwa retina. Ndio unaopokea mwanga tupate kuona, na juu yake mishipa ya damu imetambaa kama matawi ya mti. Hakuna mahali pengine mwilini ambapo daktari aweza kuitazama mishipa myembamba namna hii kwa urahisi, bila kupasua kitu.

Mishipa hiyo ni ya namna mbili. Ateri huleta damu kutoka moyoni, na vena huirudisha. Kwa kawaida ateri ni nyembamba kidogo kuliko vena, kiasi cha mbili kwa tatu. Sasa, ateri zikizidi kuwa nyembamba, je, zatuambia nini?

Mwaka 2002 wachunguzi wa Marekani walitoa jibu moja. Walikuwa wamepiga picha macho ya watu 7,993 wenye umri wa miaka 49 hadi 73, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kisukari. Wakapima upana wa mishipa katika picha zile, kisha wakangoja. Baada ya miaka mitatu na nusu hivi, watu 291 walikuwa wameupata ugonjwa. Katika fungu la watu ambao ateri zao zilikuwa nyembamba zaidi zikilinganishwa na vena, watu kama 5 katika kila 100 waliugua. Katika fungu la upande wa pili, waliougua hawakufika 3 katika 100.

Pengine utauliza jicho lahusianaje na sukari. Fikiri juu ya mfereji wa maji shambani. Mfereji ukizibwa na matope, maji huchelewa kufika kwenye vipando vya mwisho. Baada ya chakula, sehemu kubwa ya sukari iliyo katika damu yapasa kuingia katika misuli, na ile insulini inayoifungulia mlango huchukuliwa na damu hiyo hiyo. Ikiwa mishipa myembamba ya mwili mzima imebanwa kama ile ya jicho, basi yawezekana sukari na insulini hazifiki misulini kama ipasavyo. Wengine wanaona kwamba mishipa kubana na kisukari ni watoto wa mama mmoja, yaani vyote viwili hutokana na mambo kama unene wa tumbo na damu kwenda kwa nguvu mno. Mawazo haya mawili yaweza kuwa kweli pamoja.

Lakini zitazame tena hesabu zile. Hata katika fungu la hatari, watu kama 95 katika 100 hawakuugua katika muda ule. Alama hii, basi, yafaa kwa kuwafahamu watu wengi kwa jumla, wala haiwezi kumhukumu mtu mmoja. Mtu akikuambia sokoni kwamba ameutazama ule mviringo wenye rangi unaozunguka mboni na kuona kisukari humo, mwache na dawa zake. Mviringo huo si retina, na kisukari hakisomwi hapo.

Kisukari hujulikana kwa kupima damu. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula, na sukari ikafika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kipimo hicho hurudiwa siku nyingine ili kuwa na hakika. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, bado hujaugua, lakini umo njiani. Hapo ndipo mtu aweza kugeuka kwa kupunguza uzito na kuutumikisha mwili. Sisi tunaokaa kitini ofisini kutwa tuna haja ya shauri hilo kuliko anayeshika jembe.

Aliyekwisha kuugua anahitaji kutazamwa macho kila mwaka, hata ikiwa anaona vizuri. Sukari nyingi hudhoofisha mishipa ya retina ikavuja, na mtu hasikii maumivu yo yote. Daktari akiwahi, aweza kuizuia hasara hiyo kwa mwanga wa leza au kwa sindano. Akichelewa, macho yaliyopotea ni shida kurudi. Huko Nakuru, mwaka 2007 na 2008, watu 4,414 wa umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa macho, na miaka michache baadaye picha za nyuma ya jicho zilijaribiwa kupigwa huko huko kwa simu ya mkononi iliyofungiwa kifaa maalumu.

Siku ya kupimwa, huenda ukatiwa matone ya kupanua mboni. Kwa muda wa saa kadhaa utaona ukungu, na jua litakuchoma macho. Usiende kwa baiskeli wala pikipiki. Chukua kofia, na mtu wa kukushika mkono mpaka nyumbani.