Je, Wajua? Haki ya Mnunuzi wa Simu Busia na Malaba

Je, wajua kwamba simu ya Android unayonunua Busia, iwe Tecno, itel, Infinix au Samsung, imebeba kazi ya maelfu ya waandishi wa programu ambao hawakumtoza mtengenezaji hata senti? Kazi hiyo ni kerneli ya Linux, ile sehemu inayoiunganisha chipu na skrini, kamera, betri na laini. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland, na tangu mwaka 1992 hutolewa chini ya leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo haidai pesa. Inadai kwamba anayesambaza programu ampe anayeipokea msimbo chanzo wake, yaani maandishi kamili ambayo mjuzi anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyageuza tena kuwa programu inayofanya kazi.

Simu haiko peke yake. Dekoda, rauta ya Wi-Fi, runinga janja na kamera ya ulinzi juu ya mlango wa duka la jumla: vingi kati ya vifaa hivi huendeshwa na Linux pamoja na BusyBox, mkusanyiko wa zana ndogondogo ambao nao uko chini ya GPL.

Je, wajua unaweza kuthibitisha haya ukiwa umesimama hapo dukani? Ingia kwenye Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute toleo la kerneli. Namba utakayoiona, kama vile 4.14 au 5.10, ni toleo la Linux. Katika maelezo ya kisheria utakuta pia orodha ndefu ya leseni za programu huria, na GPL imo. Lakini kumwonyesha mnunuzi maneno ya leseni ni nusu tu ya wajibu. Nusu ya pili ndiyo hukosekana mara nyingi.

Nusu hiyo iko wazi katika kifungu cha 3 cha toleo la pili la GPL, lililotolewa Juni 1991 na Free Software Foundation, shirika alilolianzisha Richard Stallman. Kampuni inayouza kifaa inaweza kuambatisha msimbo chanzo wenyewe. Isipofanya hivyo, itoe ahadi ya maandishi, isiyopungua miaka 3, kwamba itautuma kwa atakayeuomba, bila kumtoza zaidi ya gharama ya kunakili. Na si vipande vipande: leseni inataka msimbo wote, pamoja na hati za maelekezo zinazotumika kuijenga programu na kuiweka kwenye kifaa. Kampuni inayotuma furushi lisilojengeka haijatimiza sharti, hata kama imejibu barua upesi na kwa adabu.

Je, wajua nani angefaidika kwanza? Fundi wa simu. Mtu analeta simu iliyokwama kwenye nembo ya kampuni, ikiwaka na kuzima bila kufika popote. Fundi anahitaji programu ya kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo upya, lakini kampuni haikuiweka hadharani, kwa hiyo anaitafuta kwenye tovuti ambazo hawajui wenyewe wake. Programu ya namna hiyo inaweza kuja na virusi, na simu anayoiwekea ndiyo mwenyewe anaitumia kwa M-Pesa upande huu wa mpaka, yaani Kenya, na kwa MTN au Airtel Money akishavuka kuingia Uganda. Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Mfanyabiashara wa mitumba au samaki anayevuka mpaka huu ana mtaji wake wote ndani ya kifaa ambacho aliyekitengeneza pengine aliacha kukirekebisha kitambo.

Je, wajua kwamba simu iliyoachwa na kampuni inaweza kuendelea kuishi? Tangu Desemba 2016 kuna LineageOS, Android inayotunzwa na watu wanaojitolea, na imezipa simu nyingi kuukuu masasisho ya usalama. Mradi huo una kanuni: simu haitambuliwi rasmi mpaka msimbo wa kerneli yake uwe hadharani. Kampuni ikiuficha, mlango unafungwa kwa wenye simu hizo wote.

Umoja wa Ulaya umeanza kushughulikia maisha ya simu kwa njia ya sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu janja zinazoingizwa sokoni huko zinapaswa kupata masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Sheria hiyo haifiki Malaba. GPL inafika, kwa sababu inasafiri ndani ya simu yenyewe.

Je, wajua ni mangapi hukaguliwa mpakani? Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na mzigo unaoingia Kenya hushughulikiwa upande wa Kenya na maofisa wa nchi zote mbili. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inadai kodi, ikiwemo ushuru wa bidhaa kwa simu zinazoagizwa kutoka nje, ulioanza Julai 2022 kwa asilimia 10. KEBS, shirika la viwango, inaangalia ubora. Mamlaka ya Mawasiliano inataka modeli ya simu iwe imeidhinishwa. Katika mlolongo huo wote sijaona mahali ambapo mwagizaji huulizwa swali moja jepesi: msimbo chanzo wa programu huria iliyomo uko wapi?

Na serikali ikitaka, inaweza. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 2012, simu bandia karibu milioni 1.9 zilizimwa nchini Kenya kwa agizo la Tume ya Mawasiliano, kama mamlaka hiyo ilivyoitwa wakati ule. Simu zilinyamaza mikononi mwa watu waliozinunua kwa nia njema. Mimi nisingependa dawa kali namna hiyo itumike hapa, kwa kuwa aliyekosa ni mtengenezaji wala si mwenye simu. Kuongeza swali moja kwenye fomu ya kuidhinisha modeli kungetosha kuanzia.

Je, wajua kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaiweka programu ya kompyuta katika kundi moja na riwaya na diwani, yaani kazi za fasihi? Ndiyo sheria inayosimamiwa na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na ndiyo inayomlinda mwanamuziki dhidi ya anayenakili kazi zake bila idhini. Nguvu ya GPL inatoka hapohapo. Anayenakili Linux bila kufuata masharti ya leseni anakuwa amenakili bila ruhusa. Sheria hiyo humgusa pia anayeingiza nchini, kwa biashara, nakala anayojua kuwa inavunja haki ya mwenyewe.

Kesi ya kwanza duniani ambapo mahakama iliipa GPL nguvu iliamuliwa Munich, Ujerumani, Mei 2004. Mshtaki alikuwa Harald Welte, mmoja wa waandishi wa Netfilter, sehemu ya Linux inayochuja data ya mtandao. Mshtakiwa alikuwa kampuni ya Sitecom, kwa sababu ya rauta yake.

Kisa cha rauta ya Linksys WRT54G ndicho chenye mafunzo mengi zaidi. Iliingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2002, na mwaka uliofuata Cisco ikainunua Linksys kwa takriban dola milioni 500. Muda mfupi baadaye wadadisi wakagundua kwamba ndani ya rauta mlikuwa na Linux, na msimbo haukuwa umetolewa. Hapo ikaonekana jinsi mnyororo ulivyo mrefu: chipu ilitoka Broadcom, programu ilitayarishwa na CyberTAN ya Taiwan, nembo ikawa ya Linksys, na mmiliki mpya akawa Cisco. Kila mmoja angeweza kumwonyesha kidole aliyemtangulia. Leseni haikubali hoja hiyo. Anayesambaza ndiye anayewajibika. Msimbo ukatolewa mwaka 2003, na mwaka 2004 watu waliojitolea wakaujenga mradi wa OpenWrt juu yake, ambao leo unaendesha rauta za aina nyingi sana duniani. Kampuni haikupata hasara. Rauta ile iliendelea kuuzwa kwa miaka mingi, na wengi waliinunua kwa sababu walijua wanaweza kuibadilisha wapendavyo.

Mnyororo wa simu zinazofika kwetu unafanana na huo: chipu ya MediaTek au Unisoc, kiwanda cha Shenzhen, kampuni yenye nembo, mwagizaji wa Nairobi au Kampala, kisha duka la Busia.

Je, wajua kwamba kampuni ya televisheni imewahi kuadhibiwa mahakamani kwa sababu ya BusyBox? Mwaka 2010 mahakama ya New York iliiamuru Westinghouse Digital ilipe fidia ya dola 90,000 na kuzikabidhi televisheni zilizokuwa na programu hiyo kinyume cha leseni.

Lakini si kila anayeshtaki anaitakia mema programu huria. Patrick McHardy, mwandishi wa sehemu ya Linux nchini Ujerumani, alizibana kampuni nyingi kwa madai ya pesa, hadi wenzake wa mradi wa Netfilter wakamsimamisha mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mashirika ya Software Freedom Conservancy na Free Software Foundation yalikuwa yametangaza kanuni zao za kusimamia leseni: lengo ni kampuni itii leseni, pesa zisitangulie, na mahakama iwe hatua ya mwisho. Naziunga mkono kanuni hizo kwa moyo wote. Kampuni iliyokosea kwa kutojua hurekebishwa kwa barua, na wanaoifuata kazi hii wanajua kwamba makosa mengi huanzia hapo.

Je, wajua kwamba mnunuzi naye anaweza kuwa mshtaki? Oktoba 2021, Conservancy iliishtaki Vizio, mtengenezaji wa televisheni, huko California. Haikuja kama mwenye hakimiliki. Ilikuja kama mteja aliyenunua televisheni dukani na kudai anachoahidiwa na leseni. Mei 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho aliirudisha kesi hiyo kwenye mahakama ya jimbo, kwa kuona kwamba ndani yake mna dai la mkataba lililo tofauti na dai la hakimiliki.

Hata Shenzhen, mji zinakotoka simu zetu nyingi, mahakama imeshaitambua GPL. Hukumu ilitolewa mwaka 2021, kuhusu programu iitwayo VirtualApp.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki nayo ina cha kulindwa? Ushahidi, jukwaa lililoundwa Kenya wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi mwaka 2008, ni programu huria. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya AMPATH, mpango ambao kliniki zake zinahudumia wagonjwa hadi Busia. Waandishi hawa pia walitoa kazi yao kwa masharti. Tukizoea kuona masharti ya Linux yakipuuzwa, yao yatapuuzwa vilevile.

Na mtengenezaji sasa yuko karibu zaidi. Kiwanda cha EADAK cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River na Rais William Ruto tarehe 30 Oktoba 2023. Simu inapounganishwa na kuuzwa humuhumu nchini, anayeisambaza ana anwani ya Kenya, na ombi la msimbo halihitaji kuvuka bahari.

Ombi lenyewe si gumu. Andika barua pepe kwa kampuni yenye nembo. Taja modeli, toleo la kerneli na namba ya muundo, vyote viko pale kwenye Kuhusu simu. Taja kifungu cha 3 cha GPL toleo la 2, na uombe msimbo kamili pamoja na hati za kuujenga na kuuweka. Hifadhi majibu yote. Wakikaa kimya, Conservancy hupokea taarifa za ukiukaji kutoka popote duniani. Wala huhitaji risiti: ahadi ile ya maandishi, leseni inasema, ni kwa mtu yeyote. Aliyenunua simu mkono wa pili anaweza kuuomba msimbo, na fundi ambaye simu hiyo si yake pia anaweza.