Saratani Imetibiwa, Tumbo Bado Linasumbua: Lilianza Lini?

Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi miongoni mwa wanawake wa Kenya. Zamani mgonjwa wa Waberi, hapa mjini Garissa, alilazimika kusafiri takriban kilomita 370 hadi Nairobi kutafuta tiba. Siku hizi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa ina kituo cha saratani kinachohudumia kanda nzima. Lakini dripu ya mwisho ikishatolewa, mara nyingi tumbo hubaki na lake: gesi, kiungulia, choo kigumu au kuharisha kusikokwisha. Wengi huyaweka yote hayo katika kapu moja la “alsa” na kwenda kemisti kununua dawa ya kupunguza asidi. Hoja yangu ni kwamba kabla ya kununua chochote, au kuacha chochote, mgonjwa ajiulize tatizo lilianza lini, kwa sababu kila chanzo kina majira yake na tiba yake.

Dawa za kemotherapi hushambulia seli zinazogawanyika upesi. Utando wa ndani wa utumbo ni wa seli za aina hiyo. Hujifanya upya kila baada ya siku chache, hivyo huumia haraka na kwa kawaida hupona ndani ya wiki kadhaa. Dawa zinazoandamana na dripu nazo zina yake: deksamethasoni huweza kuleta kiungulia, na ondansetroni ya kuzuia kutapika hufunga choo. Usumbufu ulioanza wakati huo na unaopungua taratibu una maelezo. Ukidumu kwa miezi, tazama vidonge vinavyomezwa sasa. Tamoksifeni na letrozoli huweza kuleta kichefuchefu, kapesitabini huharisha, vidonge vya madini ya chuma na dawa kali za maumivu hufunga choo. Tatizo jipya linalozuka baada ya muda mrefu wa utulivu ni jambo jingine kabisa. Likija pamoja na kukonda, kutapika mara kwa mara, choo chenye damu au macho ya manjano, linahitaji vipimo bila kuchelewa, kwa kuwa saratani ya matiti huweza kufika kwenye ini, na aina yake mojawapo hata kwenye kuta za tumbo.

Hapa kwetu kuna jambo linalosahaulika kirahisi: maziwa. Utando wa utumbo ukiumia, hupungukiwa na kimeng’enya cha kusaga sukari ya maziwa, na mtu aliyekunywa maziwa maisha yake yote akaanza kujaa gesi na kuharisha. Maziwa ya ngamia yana sukari hiyo pia, na kuyachemsha hakuiondoi. Njia rahisi ya kujipima ni kuacha maziwa yote, hata ya chai, kwa wiki mbili, kisha kuyarudisha kidogo kidogo. Watu wengine huvumilia vizuri zaidi maziwa yaliyogandishwa, maana bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari. Ila yatengenezwe kwa maziwa yaliyochemshwa, kwa kuwa maziwa mabichi hueneza brusela. Kwa choo kigumu, maji ya kutosha katika joto la Garissa pamoja na mapapai na mboga za mashamba ya mto Tana husaidia kuliko wali mtupu na chai ya rangi.

Wapo watakaosema kwamba aliyenusurika saratani hana haki ya kulalamikia gesi. Shukrani ni njema, lakini kichefuchefu kinachopuuzwa humfanya mtu aache vidonge kimyakimya. Kwa saratani zinazochochewa na homoni, uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa tamoksifeni ikimezwa kwa miaka 5 hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Kuihamishia usiku au kuimeza pamoja na chakula huweza kutosha. Isipotosha, daktari anaweza kubadilisha dawa. Wengine hutegemea habasoda au maziwa ya ngamia kama tiba. Kama chakula, sina ugomvi navyo. Lakini hakuna ushahidi kwamba vinaweza kuchukua nafasi ya kidonge hicho, na mitishamba mingine huingiliana na dawa, kwa hiyo daktari aambiwe.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni aibu: mama anaona vigumu kumsimulia tabibu mwanamume habari za choo. Ana haki ya kuomba muuguzi wa kike. Pia anaweza kuandika, au kuandikiwa na binti yake, tarehe tatizo lilipoanza, dawa zote anazotumia, vyakula vinavyolichochea na idadi ya safari za chooni. Karatasi hiyo humpunguzia maneno na humpa tabibu pa kuanzia. Ramadhani ikikaribia, suala la kufunga na liulizwe mapema: anayeharisha hupoteza maji na chumvi, na dini imemruhusu mgonjwa kufungua.