Goya na Picha ya Familia ya Carlos IV

Mtahiniwa akiulizwa kazi ya mchoraji wa kasri, mara nyingi huandika "kuchora wafalme" kisha huhamia swali linalofuata. Jibu hilo halileti alama nyingi. Mchoraji wa kasri alilipwa mshahara ili watu wauone utawala kama mfalme alivyotaka uonekane.

Chukua mfano wa Francisco de Goya wa Hispania. Mwaka 1799 aliteuliwa Mchoraji Mkuu wa Mfalme Carlos IV, na mwaka uliofuata akaanza picha ya familia nzima. Kwanza alichora sura za mtu mmoja mmoja katika kasri la Aranjuez, kisha akazikusanya kwa rangi za mafuta kwenye turubai yenye kimo cha sentimita 280 na upana wa sentimita 336. Picha hiyo imo katika makumbusho ya Prado, Madrid.

Tazama nani amewekwa wapi. Aliye katikati si mfalme, bali Malkia María Luisa, ameshika mkono wa mwanawe mdogo. Mfalme yuko pembeni yake, mbele kidogo, kifua kimejaa nishani. Kushoto, gizani, Goya amejichora mwenyewe akiwa kazini, kama Velázquez alivyofanya mwaka 1656. Yupo pia mwanamke aliyegeuza uso. Wanahistoria wengi huamini anasimama badala ya mchumba wa Fernando, mrithi wa kiti, ambaye alikuwa bado hajachaguliwa. Bibi harusi hajapatikana, nafasi yake imeshachorwa!

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1793 Wafaransa walimkata kichwa Louis XVI, wa ukoo huohuo wa Bourbon. Kuonyesha watoto na mjukuu mchanga kulikuwa kusema kwamba kiti kina warithi.

Wengi hukosea wanapoandika kwamba Goya aliikejeli familia kwa kuwa hakuwapamba nyuso. Kumbuka kwamba walikaa mbele yake awachore, na baada ya picha kukamilika hakupoteza cheo. Kuchora uso ulivyo si kumtukana mwenye uso.

Mwaka 1808 Napoleon aliwalazimisha Carlos na Fernando kuachia kiti, akamtawaza kaka yake Joseph. Fernando aliporudi mwaka 1814, Goya alimchora pia, amevaa joho la kifalme.

Jipime: Kwa kutumia mambo matatu yanayoonekana katika picha hii, eleza jinsi ilivyoutumikia utawala wa Carlos IV.