Kiharusi kwa Mtoto Aliyepasuliwa Moyo

Wengi wetu, Kurui na kwingineko wilayani Kisarawe, tumezoea kukihesabu kiharusi kuwa maradhi ya mtu aliyekula chumvi nyingi. Walakini humpata hata mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa na kasoro ya moyo, kabla ya kupasuliwa, wakati wa kupasuliwa, au baada yake.

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 kazi hiyo imo mikononi mwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ilhali zamani wengi walingojea rufaa ya India. Neema hiyo naitaja kwanza ili mzazi asije akakiogopa kisu, maadamu tundu kubwa la moyo likiachwa bila tiba hudhoofisha mwili na kufupisha umri.

Ili tabibu apate kuliziba tundu, aghalabu moyo husimamishwa, na mashine ikashika kazi ya moyo na mapafu. Damu ipitayo katika mipira ya mashine hiyo hutiwa dawa ya heparini isigande, lakini pamoja na hadhari zote, chembe ya damu iliyoganda au povu la hewa huweza kuponyoka, likapanda kichwani na kuziba mshipa wa ubongo, na hicho ndicho kiharusi. Naye mtoto mwenye midomo na kucha za buluu, achuchumaaye katikati ya mchezo kutafuta pumzi, damu yake huwa nzito na nyepesi kuganda, na huzidi uzito anapoharisha au kutapika. Basi asikose kunyweshwa maji, wala asicheleweshwe kufikishwa kwa daktari.

Dalili za kiharusi zataka jicho la mama: mtoto aliyezoea kupokea kikombe cha uji kwa mkono wa kulia ghafla anyoosha wa kushoto, mdomo waenda upande, maneno yakwama. Kwa mtoto mchanga huenda isionekane ila degedege peke yake, na hapo ndipo ilipo hatari, kwa kuwa wako bado wanaolidhania pepo, wakamfukiza mtoto ubani usiku kucha na saa za tiba zikapotea.

Hata aliyepooza asikatiwe tamaa, kwani ubongo wa mtoto ungali wakua, na mazoezi ya viungo yakianzwa mapema humrudishia mengi. Mzazi naye, kabla ya kutoka wodini, aulize dalili zipi zimrudishe hospitali, dawa ya kuzuia damu kuganda hunywewa vipi, na usiku wa manane ampigie nani. Kuuliza hivyo ni haki yake, na kumjibu kwa ufasaha ni faradhi ya waliomtibu mwanawe.